Maswali Yenu: Undugu wa Herufi za Kigiriki, Ada, Vikao na Miaka ya Baadaye

Barua kuhusu fratenati, vile vyama vya wanafunzi wa kiume vya vyuo vikuu vya Marekani vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, zimetujia kwa wingi kutoka kwa Waswahili wanaosoma huko au wenye watoto huko. Tumechagua zinazouliza mambo ya kazi: fedha, vikao, ulezi wa tawi (yaani kundi la chama katika chuo kimoja), usalama, na namna ya kubaki ndugu baada ya kuhitimu. Wanaojibu ni jopo la walezi wa matawi wanaojitolea. Majina ya waliouliza tumeyaficha.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza Ohio. Amepewa mwaliko wa kujiunga na fratenati na ana siku chache za kujibu. Ninachosikia ni siri, pombe na vijana kupigwa. Nimkataze? (Mama wa mwanafunzi)

Shikamoo mama. Kabla ya kumkataza, uliza ni chama gani, maana jina hilo moja linafunika vitu vitatu visivyofanana.

Vipo vyama vya kijamii vya jumla. Hivi chimbuko lake ni Union College, mjini Schenectady, jimbo la New York: Kappa Alpha Society ilianza hapo mwaka 1825, kisha Sigma Phi na Delta Phi mwaka 1827. (Phi Beta Kappa ya chuo cha William & Mary, Virginia, ni ya mwaka 1776, lakini siku hizi ni jumuiya ya heshima ya waliofaulu sana; haina nyumba wala karamu.) Vipo vyama vya kihistoria vya Wamarekani weusi, ambavyo kaka yao mkubwa ni Alpha Phi Alpha, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Cornell tarehe 4 Desemba 1906. Leo viko 9, vya wanaume 5 na vya wanawake 4, chini ya baraza la National Pan-Hellenic Council lililoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Halafu vipo vya huduma, kama Alpha Phi Omega ya mwaka 1925, Lafayette College, Pennsylvania, ambako kazi kubwa ni kujitolea. Karamu unazozisikia zinahusu zaidi kundi la kwanza, na hata humo matawi yanatofautiana sana: tawi la chuo hiki linaweza kuwa la kupigiwa mfano, na la chuo jirani, chama kilekile, likafungiwa.

Siri ipo, ila ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Ni maneno ya kiapo, salamu ya mkono, maana ya herufi na alama. Ada si siri. Ratiba ya majuma ya mafunzo ya wanachama wapya si siri, wala jina la mlezi wa tawi. Tawi likigoma kumwonesha mwanao ratiba hiyo, limekwisha kujibu swali lako.

Mwambie aombe kwa maandishi gharama yote ya mwaka wa kwanza. Mara nyingi vijana hutajiwa ada ya muhula tu, kisha baada ya kukubali wanakuta ada ya kuandikishwa, ada ya kuapishwa, bima, mchango wa makao makuu na fulana. Aulize pia kama kujiunga kunamfunga kukaa kwenye nyumba ya chama mwaka wa pili, kwa sababu mkataba wa nyumba hudai kodi hata akiacha uanachama, na wengine huutaka uwe na saini ya mzazi kama mdhamini. Usitie saini hiyo kwa haraka. Mwisho, fungua tovuti ya chuo utafute taarifa ya unyanyasaji wa wanachama wapya. Sheria ya taifa iitwayo Stop Campus Hazing Act, iliyotiwa saini Desemba 2024, inavitaka vyuo vitangaze hadharani jina la chama kilichokutwa na hatia, kosa lenyewe kwa ufupi, tarehe na adhabu. Soma miaka iliyomo yote, si wa mwisho pekee.

Shikamooni walezi. Nimechaguliwa mweka hazina wa tawi lenye wanachama 40. Nilichokabidhiwa ni kadi ya benki na bahasha ya risiti, basi. Makao makuu yanatudai, na wenzangu wengi wananirushia ada kwenye simu yangu. Nianzie wapi? (Mwaka wa pili, Indiana)

Marahaba. Anzia kwenye hiyo simu: acha kupokea ada humo leo. Hela ya tawi ikipita kwenye Venmo au Cash App yako binafsi, zile programu za kutumiana fedha kwa simu, mbele ya benki na mbele ya mamlaka ya kodi inaonekana ni yako mpaka uthibitishe vinginevyo. Siku mtu akidai alilipa na wewe huoni, mtabishana kwa picha za skrini. Na ukihitimu, kumbukumbu zote za malipo unaondoka nazo mfukoni. Njia ya malipo iandikishwe kwa jina la tawi na kwa namba ya kodi ya tawi, ile iitwayo EIN. Namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho wa mtu binafsi, isiguse akaunti ya chama kabisa.

Kisha nenda benki na kumbukumbu za kikao cha uchaguzi zilizotiwa saini na katibu, maana ndizo benki nyingi hutaka kuona. Ondoa majina ya waliohitimu. Matawi mengi yana mtu aliyeondoka miaka minne nyuma ambaye bado anaweza kutoa fedha. Weka watu wawili: mmoja anaidhinisha, mwingine analipa. Mlezi wa fedha apewe ruhusa ya kutazama tu, bila kutoa. Tunalisisitiza hili kwa sababu upotevu wa fedha kwenye matawi mara nyingi huanza kwa mkopo mdogo. Mtu anachukua za petroli Ijumaa akinuia kurudisha Jumatatu, na Jumatatu hakuna anayeuliza.

Hatua ya tatu inachosha, lakini bila hiyo unapiga ramli. Chapisha taarifa za benki za miezi 12 na ujaze jedwali lenye safu tano: tarehe, aliyelipwa, kiasi, sababu, risiti ipo au haipo. Pembeni yake andika orodha ya wadaiwa, jina kwa jina, na muhula wa kila deni. Wanachama wapya hudhani orodha ya namna hii ipo mahali fulani. Mara nyingi ilikuwa kichwani mwa mtangulizi wako.

Sasa bajeti. Matawi mengi huanguka hapa, na huanguka kwa namna moja. Tuseme ada yenu ni dola 300 kwa muhula. Wanachama 40 ni dola 12,000, na mwenye haraka hupanga kutumia dola 12,000. Lakini tuseme historia yenu inaonesha kwamba kila muhula hukusanya asilimia 85, yaani dola 10,200. Makao makuu hayaangalii nani amelipa. Yanakutoza kwa idadi ya majina uliyoyaandikisha. Kama mchango wao pamoja na bima ni dola 130 kwa kila kichwa, hiyo ni dola 5,200 inayoondoka hata kama watu sita hawajatoa senti. Kinachobaki ni dola 5,000. Aliyepanga kwa 12,000 alidhani ana 6,800 za shughuli, kwa hiyo amejichimbia shimo la dola 1,800 kabla ya juma la kwanza kwisha. Hesabu hizi ni za mfano. Weka zenu, ila mpangilio usiubadili: kwanza mchango wa taifa na bima, pili madeni ya zamani, tatu akiba, angalau asilimia 10 ya kinachokusanywa, na karamu mwisho kabisa. Orodha ya majina isafishwe kabla ya tarehe ya makao makuu kuhesabu, la sivyo mtamlipia muhula mzima mtu aliyehama chuo Agosti.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa kwa mkupuo, andikeni makubaliano kabla muhula haujaanza: dola 300 kwa awamu nne za 75, tarehe nne, saini mbili. Aliye na makubaliano na anayatimiza ana haki zote, ikiwemo kupiga kura. Asiye na makubaliano wala malipo asimamishwe kama kanuni zenu zinavyosema, awe nani. Vijana huona haya kudaiana kwa kuwa ni ndugu. Kinachowatafuna kwa ndani ni pale 30 waliolipa wanapogundua kwamba 10 wamesamehewa kimyakimya, na mmoja wao ndiye mwenyekiti.

Kodi nayo. Matawi mengi yamo kwenye kundi la vilabu vya kijamii, kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi. Hayalipi kodi ya mapato kwa ada za wanachama, lakini hujaza fomu kila mwaka. Kama mapato ghafi kwa kawaida hayazidi dola 50,000, fomu ni 990-N, inayojazwa mtandaoni kwa dakika chache. Mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa fedha kufungwa: mkifunga 30 Juni, ni 15 Novemba. Mkiiruka miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi unafutika wenyewe. Sababu ya kuiruka huwa ndogo ya kuudhi: anwani iliyoko IRS, yaani mamlaka ya kodi, ni ya mhitimu aliyekwisha hama, na barua za onyo zinamfikia mpangaji asiyewajua. Waulizeni makao makuu kama wanawajazia kwa pamoja au kila tawi lijijazie, usikisie.

Na kama mnakodisha maegesho ya magari siku za mechi, andika mapato hayo peke yake. Klabu ya aina yenu haipaswi kupata zaidi ya asilimia 35 ya mapato ghafi nje ya wanachama, na ndani ya hizo, yanayotokana na watu wa nje kutumia majengo na huduma zenu yasipite asilimia 15. Hata chini ya hapo, fedha ya watu wa nje inaweza kutozwa kodi.

Mimi ni mwenyekiti mpya. Vikao vyetu vya Jumapili vinachukua saa tatu nzima, watu wanasinzia, na kazi yote tunafanya watu watano. Nawezaje kuwaamsha? (Georgia)

Vikao virefu hutokana na kusomeana taarifa. Kila kiongozi atume taarifa yake kwa maandishi saa 24 kabla, aya moja au mbili, na kikaoni asimame tu mwenye jambo la kuamuliwa. Ajenda iwe na dakika pembeni ya kila kipengele. Mkifika dakika ya 60 na mjadala wa fulana bado unaendelea, upelekeni kwenye kamati ya watu watatu yenye kikomo cha fedha na tarehe. Akidi ihesabiwe na kuandikwa mwanzoni, kwa sababu uamuzi uliopitishwa bila akidi hupinduliwa na mtu mmoja mwenye kinyongo na nakala ya kanuni.

Kuhusu wale watano: watu hawajitokezi kwa kazi isiyo na umbo. "Nani atasaidia siku ya hisani?" haina mwenyewe. "Nataka mtu mmoja wa kuomba kibali cha uwanja ofisini kabla ya Jumatano saa 10 jioni" ina mwenyewe, na aliyewahi kumaliza kazi ndogo ya namna hiyo ndiye unayempa kubwa muhula ujao. Katibu aandike jina, kazi na tarehe; kikao kinachofuata kianze kwa kuzisoma. Tofautisheni pia hisani na huduma, maana huchanganywa: kuchangisha dola 2,000 ni hisani, saa 4 za kupanga chakula kwenye ghala la misaada ni huduma. Wapo vijana wasio na hela ambao watatoa saa 40 kwa furaha ukiwapangia usafiri.

Unapoingia madarakani ndipo unapaswa kuanza kuandaa kuondoka kwako. Uchaguzi ufanyike mapema, ili mpya na wa zamani wafanye kazi pamoja angalau majuma matatu na mpya akae kitini huku wa zamani akiwa pembeni. Folda ya makabidhiano iwe mali ya tawi, kwenye akaunti ya tawi, isiwe ya mtu. Ndani yake: kalenda ya mwaka yenye tarehe za makao makuu na za chuo, mikataba yote inayoendelea, nywila, namba za watu wa ukumbi na bima, na ukurasa mmoja wa mambo yaliyoharibika mwaka huu na sababu zake. Huo ukurasa mmoja ndio unaosomwa.

Nilihitimu miaka minane iliyopita, nafanya kazi Chicago. Tawi langu la zamani linaniomba niwe mlezi. Sijui ni kazi ya kiasi gani, na naogopa kushtakiwa. (Illinois)

Hofu yako ina msingi, na dawa yake ni karatasi. Usianze kabla makao makuu hayajakuteua kwa barua na kukupitisha kwenye mafunzo na uchunguzi wao. Bima ya chama kwa kawaida humlinda aliyeteuliwa, akiwa ndani ya majukumu yake. Mhitimu anayejipitisha nyumbani kwa vijana "kuwasaidia" yuko nje ya ulinzi huo. Omba nakala ya sera ya bima, usome kinachokataliwa. Mara nyingi utakuta unyanyasaji na kuwapa pombe wasiofikia miaka 21 havilipiwi na bima.

Muda: kutana na mwenyekiti nusu saa kila juma, hata kwa simu, siku ileile na saa ileile. Hudhuria kikao kimoja cha tawi kwa mwezi, na kaa nyuma. Vikao vya uchaguzi, kuapisha na bajeti usivikose. Ukikubali kuwa mlezi peke yako utachoka ndani ya mwaka, kwa hiyo sharti lako la kwanza liwe kuundwa jopo: wa fedha, wa masomo, wa uandikishaji, wa usalama, na wa nyumba kama ipo. Nyumba yenyewe mara nyingi humilikiwa na kampuni ya wahitimu iliyosajiliwa kando na tawi. Usikubali kuwa mlezi wa tawi na mkusanya kodi ya nyumba kwa wakati mmoja. Kijana hatakwambia shida zake akijua Ijumaa utamdai.

Usitie saini mkataba wa ukumbi au basi kwa jina lako. Usiwe na kadi ya benki ya tawi. Usinywe nao, hata kama umri unawaruhusu. Alama za masomo usizidai kwa msajili wa chuo: sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974, FERPA, inazilinda, na njia sahihi ni kila mwanachama kusaini ruhusa ya maandishi.

Sehemu ngumu kwa wahitimu ni kunyamaza. Ukiona wanakwenda kufanya karamu ya kijinga lakini halali, uliza maswali mawili, "Itagharimu kiasi gani?" na "Nani atasafisha?", kisha waache wapige kura. Wakikosea kwa dola 400 wamejifunza. Ila mambo matatu huyasubirii kikao: mtu aliye hatarini, fedha zilizopotea, na mwanachama mpya anayenyanyaswa. Hapo unapiga simu, kwanza 911, namba ya dharura, kama kuna hatari ya maisha, halafu makao makuu na chuo. Usijaribu kuyamaliza kindugu.

Niko juma la nne la mafunzo ya wanachama wapya. Tunaamshwa saa 9 usiku, tunawafulia nguo wakubwa, na kuna "usiku wa familia" ambapo kila mmoja hupewa chupa yake. Wanasema kila mtu alipitia na hakuna anayelazimishwa. Hii ni kawaida? (Jimbo tunaliacha)

Huo ni unyanyasaji, mwanetu, na usiku wa chupa ndio unaoua. Mtindo uko hivi: mwanachama mpya anakutanishwa na "kaka mkubwa" wake, anapewa chupa ya pombe kali, na inaeleweka tu kwamba haitakiwi kubaki kitu. Hakuna anayesema "lazima", kwa hiyo kila mmoja baadaye anaamini hakumlazimisha mtu. Majimbo kadhaa yameliziba hilo. Florida, kwa mfano, sheria inasema kwamba kukubali kwa aliyenyanyaswa si utetezi. Pennsylvania ilikaza sheria yake mwaka 2018 baada ya kifo cha mwanafunzi wa Penn State mwaka uliotangulia.

"Kila mtu alipitia" nayo haina ukweli. Zeta Beta Tau ilifuta kipindi cha uanagenzi (majaribio ya wanachama wapya kabla ya kuapishwa) mwaka 1989, vyama vya National Pan-Hellenic Council viliacha mfumo huo rasmi mwaka 1990, na Sigma Alpha Epsilon mwaka 2014. Muungano wa North American Interfraternity Conference, mwaka 2018, uliamua kwamba pombe yenye kilevi zaidi ya asilimia 15 isiwepo kwenye nyumba na shughuli za vyama wanachama, isipokuwa inapouzwa na mfanyabiashara mwenye leseni. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba hiyo chupa inavunja kanuni za chama chenyewe.

Usiende usiku huo. Andika tarehe, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, na utunze jumbe za simu nje ya kundi lenu la mazungumzo, kwa sababu kundi hufutwa mambo yakiharibika. Peleka taarifa ofisi ya mwenendo wa wanafunzi, au piga namba ya taifa 1-888-668-4293, ambayo hupokea bila kukutaka jina.

Na ukijikuta chumbani na mwenzako amelewa hajitambui, usimwache "alale ziishe". Kilevi kilichoko tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Mwite, mtikise. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: chini ya 8, au pengo la sekunde 10 na zaidi kati ya pumzi na pumzi, ni hatari. Midomo au kucha za bluu, ngozi ya baridi yenye unyevu, kutapika bila kuamka, vivyo hivyo. Piga 911. Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asirudi chali, uso uelekee chini kidogo matapishi yatoke. Usimpe kahawa, usimwogeshe maji baridi, usiondoke. Majimbo mengi yana sheria za kumlinda anayepiga simu dhidi ya mashtaka madogo ya pombe. Lakini hata pasipo sheria hiyo, piga.

Niko hapa kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi. Tawi linataka niwe msimamizi wa nyumba na kunipunguzia kodi ya chumba. Kuna tatizo? (Michigan)

Uongozi wa kujitolea hauna tatizo. Punguzo la kodi badala ya kazi ndilo linaloweza kuhesabiwa ni malipo ya ajira, na ajira nje ya chuo bila kibali huvunja masharti ya viza. Kabla ya kukubali, ulizia kwa maandishi ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni na usubiri jibu la maandishi. Au fanya kazi, na ulipe kodi kamili kama wenzako.

Wanasema ni undugu wa maisha, lakini kundi letu la waliohitimu limekufa ndani ya miaka mitatu. Wengine tunajuliana hali kwa matangazo ya harusi tu. Linafufuliwaje? (Katibu wa wahitimu, Texas)

Makundi mengi hufa kwa sababu ya orodha. Tawi hutunza barua pepe za chuo, na vyuo vingi huzifunga baada ya mtu kuhitimu. Ndani ya mwaka nusu ya jumbe zinarudi. Mwezi wa mwisho kabla ya mahafali, kila anayeondoka ajaze kadi: barua pepe binafsi, simu, mji anaokwenda, na namba ya ndugu wa damu atakayejua alipo. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusaidia miaka kumi baadaye.

Kisha gawa mzigo. Katibu mmoja hawezi kuwafuatilia watu 300. Tafuta mtu mmoja kwa kila mwaka wa kuapishwa, mwenye majina yake 10 au 12, na kazi yake iwe moja: awapigie simu, asitume ujumbe, mara moja kwa mwaka, na kusahihisha anwani. Wasiliana na wote mara nne kwa mwaka, na omba fedha mara moja tu kati ya hizo nne. Kundi linalotokea tu likiwa na bakuli mkononi hukimbiwa. Siku ya kukutana isibadilike: wikiendi ya kurudi chuoni, au siku ya waasisi. Mkianza kupiga kura ya tarehe kila mwaka, kila mwaka kutakuwa na kundi lililoshindwa.

Fedha za wahitimu zikusanywe mahali sahihi. Anayechangia tawi, ambalo ni klabu ya kijamii, hapati nafuu ya kodi. Anayechangia mfuko wa elimu uliosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3), cha mashirika ya hisani, anaweza kuipata, ila mfuko huo utatumika kwa ufadhili wa masomo na mafunzo, hautanunua televisheni ya sebuleni. Waambieni hivyo mapema. Wahitimu hukasirika wakigundua wenyewe.

Kwenye vyama vya Wamarekani weusi mambo yamepangwa vizuri zaidi, na tungependa vingine viige. Wana matawi ya wahitimu yenye viongozi, ada na miradi, na mtu mzima anaweza hata kuapishwa huko bila kupitia tawi la wanafunzi. Ukumbusho wa Martin Luther King mjini Washington unaonesha uwezo wake: King alikuwa mwana-Alpha Phi Alpha, chama chake kikausukuma mradi, Bunge likatoa idhini mwaka 1996, na ukazinduliwa Oktoba 2011. Ni miaka 15 tangu idhini hadi uzinduzi, na katika muda huo waliokuwa wanafunzi walikwisha kuwa na watoto.

Misiba iwe na utaratibu ulioandikwa. Vyama kadhaa, Alpha Phi Alpha ikiwemo, huwataja marehemu kuwa wamehamia tawi la Omega, herufi ya mwisho, na hakuna tawi la walio hai linalopewa jina hilo. Kwa kundi lenu dogo inatosha kuamua mapema nani anapokea taarifa, nani anazungumza na familia kuulizia kama ibada ya chama inakubalika (familia nyingine haziitaki, na neno lao ni la mwisho), mfuko wa rambirambi unatoa kiasi gani bila kujali cheo cha marehemu, na nani atampigia mjane baada ya miezi mitatu, wakati wengine wameacha kupiga.

Binti yangu anataka undugu huohuo. Anaweza kujiunga na fratenati? (Baba, Maryland)

Za kijamii, kwa kawaida hapana, na sheria inaruhusu: marekebisho ya mwaka 1974 ya sheria ya usawa wa jinsia vyuoni, Title IX, yaliviacha nje vyama vya kijamii kuhusu nani wa kumwandikisha. Lakini vipo vya wanawake vyenye uzito uleule. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Howard mwaka 1908, Delta Sigma Theta hapohapo mwaka 1913. Akipenda kuchanganyika, Alpha Phi Omega imepokea wanawake tangu mwaka 1976, na nyingi za kitaaluma za biashara na uhandisi nazo huchukua wote. Aangalie siku ya maonesho ya vyama, ambayo vyuo vingi huifanya majuma ya mwanzo ya muhula, na maswali ya ada na ratiba tuliyompa mama wa Ohio ayachukue vilevile.